Wana Bagamoyo, Tuulizane Tulikotoka

Ndugu zangu wa Dunda na Magomeni, wa Kaole na Mbegani, na ninyi mliohamia Dar es Salaam lakini bado mnarudi huku kuoza na kuzika: nawaletea ombi moja. Tukae na wazee wetu, nyumba kwa nyumba, tuwaulize sisi ni kina nani, tulitoka wapi na tulifikaje hapa. Tuyaandike wanayotueleza. Kisha tuyaweke pamoja, ya kila kabila na kila rangi, bila kuficha na bila kupangana madaraja.

Kazi hii hatutafanyiwa na karani wa sensa. Sensa ya mwaka 1967, ya kwanza baada ya Uhuru, iliuliza kabila. Zilizofuata, za 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022, ziliuliza umri, elimu, kazi na hali ya makazi, zikaliacha swali la kabila. Agosti 2022 tulihesabiwa watu 61,741,120, na hakuna aliyeandikwa kuwa Mzaramo au Mkwere, Mmanyema au Mnyamwezi. Naunga mkono uamuzi huo kwa moyo wote. Wazazi wetu waliishi chini ya utawala uliogawa shule, hospitali na mishahara kwa rangi: Mzungu mbele, Mhindi katikati, Mwafrika nyuma. Walijua hesabu ya aina hiyo humpeleka mtu wapi. Walipopata nchi yao wakasema serikali isimwulize raia kabila lake ili impe haki yake, na kwa uamuzi huo tumekaa kwa amani ambayo wengi wanaitamani.

Lakini swali ambalo serikali haipaswi kuuliza, bibi na mjukuu wanapaswa kuulizana. Tumeuchukua ukimya wa daftari la sensa tukauingiza mpaka ndani ya nyumba zetu. Kijana wa Bagamoyo leo anaweza kukutajia wafalme wa Uingereza na wachezaji wote wa Simba na Yanga, lakini hamjui mama wa bibi yake. Anapita kila siku penye nyumba za mawe za Mji Mkongwe akidhani ni mali ya watalii. Mzee anazikwa Ijumaa, na Jumamosi hakuna tena anayejua kwa nini ukoo ule huitwa kwa jina lile.

Hasara hiyo ingekuwa kubwa popote, ila kwetu ni kubwa zaidi, kwa sababu ni miji michache katika nchi hii iliyokusanya watu wa asili nyingi kiasi hiki ndani ya eneo dogo namna hii. Kaole, mwendo wa kilometa tano hivi kusini, inatukumbusha kwamba Waislamu wa pwani walisali hapa tangu karne ya 13. Washomvi na majumbe wao waliushika ufuko wa bahari, na nyuma yao walikuwako Wazaramo, Wakwere, Wadoe na Wazigua. Waliuziana chumvi, samaki na nafaka, wakapigana, wakapatana, wakaoana.

Karne ya 19 ikaleta biashara ya pembe za ndovu na ya binadamu, na watu wa dunia nzima wakashukia hapa. Kutoka baharini walikuja Waarabu wa Oman na wa Hadhramauti, askari wa Kibaluchi waliomtumikia Sultani wa Zanzibar, wafanyabiashara wa Kihindi wa Kikhoja, Kibohora na Kibanyani, na Wagoa. Kutoka bara walishuka Wanyamwezi na Wasukuma, makumi ya maelfu kila mwaka, wakiwa na pembe na mizigo mabegani. Hawakuwa wapita njia tu. Walikaa kwa miezi wakisubiri mzigo wa kurudi nao, wakajenga vibanda, wakalima, na baadhi yao hawakurudi tena. Na walikuja Wamanyema kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, wengine kwa hiari yao, wengine shingoni mwao mkiwa na mnyororo.

Mwaka 1868 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni na kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Mle walilelewa watoto ambao makabila yao yalitapakaa kuanzia pwani hadi maziwa makuu, wasioelewana lugha ila Kiswahili walichojifunza pamoja. Mwaka 1889 kamanda wa Kijerumani Wissmann aliingia na askari wa Kisudani aliowaandikisha Cairo, pamoja na wengine kutoka Msumbiji, kuvunja vita vya Abushiri. Nao baadhi yao waliacha uzao katika pwani hii. Abushiri mwenyewe, kiongozi wa wale waliokataa bendera ya Wajerumani, alikuwa na baba Mwarabu na mama Muoromo.

Vita hivyo vina habari moja ambayo napenda kila mtoto wa mji huu aisikie. Risasi zilipolia na nyumba zilipochomwa, watu wengi wa Bagamoyo walikimbilia kwenye viwanja vya misheni. Wengi wao walikuwa Waislamu. Walilala chini ya miembe ya mapadre pamoja na Wakristo waliokombolewa utumwani, na Abushiri hakuigusa misheni. Watu waliotofautiana kwa dini, kwa kabila na kwa cheo cha kuzaliwa walihifadhiana wakati nchi inaungua. Tabia hiyo ni urithi wetu, na urithi huo hautunzwi kwa kuusahau.

Yupo pia Sheikh Ramiya. Alizaliwa upande wa Kongo, akaletwa Bagamoyo akiwa mtoto, mtumwa katika nyumba ya Mwarabu. Alisoma. Akawa mwanachuoni, akawa khalifa wa tarika ya Kadiria, akavuta wanafunzi kutoka mbali, na Waingereza walipoichukua nchi kutoka kwa Wajerumani walimfanya liwali wa Bagamoyo. Alifariki mwaka 1931. Mwanawe, Sheikh Muhammad Ramiya, alirithi ukhalifa, na zilipofika siku za kudai Uhuru alisimama na TANU. Mtoto aliyeingia mji huu hana kwao wala jina la kujivunia, mji ulimkubali kuwa imamu wake na kiongozi wake.

Yupo Sewa Haji Paroo, Mhindi wa Kiismaili aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1851, tajiri aliyewapatia misafara bidhaa na wapagazi. Alitoa jengo la shule hapa Bagamoyo kwa sharti kwamba wasome humo watoto wa rangi zote. Fikirini ni lini sharti hilo lilitolewa: kabla ya mwaka 1897 alipofariki, utawala wa Wajerumani ukiwa ndio kwanza unajikita. Zaidi ya nusu karne baadaye shule za Tanganyika zilikuwa bado zimetengwa kwa rangi. Fedha zake zilijenga na hospitali Dar es Salaam, na hadi leo mgonjwa akilazwa Muhimbili katika jengo la Sewahaji analitaja jina la mfanyabiashara wa Bagamoyo, ajue asijue.

Hao wawili wamebahatika. Wameandikwa. Lakini mji haukujengwa na masheikh na matajiri peke yao. Ulijengwa na mpagazi aliyeoa binti wa Kizaramo akaacha kurudi Unyanyembe. Ulijengwa na mwanamke aliyeletwa suria, akazaa, akazeeka akiwa kungwi wa mtaa mzima. Fundi majahazi wa Kihindi, mchimba chumvi, mpika maandazi, mchonga milango: wote hao wamo ndani yetu, na majina yao yamo vinywani mwa watu wenye umri wa miaka themanini na tisini. Hakuna kitabu chenye majina hayo. Yakiondoka na wazee, yameondoka.

Najua lipo jambo linalotufanya tuogope kuuliza. Chini ya habari nyingi za mji huu kuna utumwa. Katika jamii ya zamani mtu aliulizwa kwanza kama ni mwungwana, na aliyekuja na msafara alidharauliwa kuwa mshenzi, hata kama alikuwa mtoto wa mtemi kwao. Kwa hiyo mababu wengi walinyamaza. Wengine walijipa kabila la waliowamiliki, wengine la jirani, wengine walijiita Waswahili tu, mambo yakaishia hapo. Tusiwacheke wala tusiwaite waongo. Walikuwa wanawakinga watoto wao na maneno ya watu, na ngao waliyokuwa nayo ilikuwa hiyo.

Husemwa kwamba mwacha asili ni mtumwa. Nawaomba tuitumie methali hiyo kwa uangalifu hapa kwetu. Watu waliovushwa kwa minyororo hadi ufuko huu hawakuiacha asili yao, walinyang'anywa. Walichoweza kukishika walikishika: jina la kumpa mjukuu, wimbo wa kubembeleza, mwiko wa kutokula samaki fulani, ngoma ya kuponya. Kizazi chao kinapokumbuka, kinamrudishia marehemu kitu alichoporwa. Na aibu ya utumwa haimhusu aliyefungwa. Ni ya aliyefunga, na hata yeye wajukuu zake hawana deni la kulipa kwa kunyamaza. Wanachodaiwa ni kusema kweli nasi.

Tusidhani mambo hayo ni ya kale sana. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922. Mzee aliyezaliwa miaka ya 1930 alipakatwa na watu waliozaliwa watumwa, na watu walioishi na watumwa nyumbani. Yeye ni shahidi wa mkono wa pili, na bado tunaye. Baada yake tutabaki na ya kusikia kwa waliosikia.

Wapo watakaoniambia kwamba ukimwuliza mtu kabila unaamsha ukabila. Hofu hiyo naiheshimu. Lakini tazameni jinsi wenyewe tulivyoishi na tofauti zetu. Tuna utani. Njia ya misafara iliwafanya Wazaramo na Wanyamwezi kuwa watani, na mpaka leo mtani anaweza kusimama msibani akazuia jeneza hadi apewe chochote, akamsema marehemu maneno ambayo ndugu wa damu asingethubutu, na wafiwa wakacheka katikati ya machozi. Ili nikutanie lazima nijue wewe ni nani. Utani ulichukua tofauti ambayo ingeweza kuwa sababu ya kupigana, ukaifanya kuwa wajibu wa kuzikana. Wazee waliotuachia mila hiyo hawakuogopa kuyataja makabila. Walichokataa ni kabila kuwa kipimo cha haki ya mtu.

Basi na sisi tuweke mipaka mapema, iwe wazi kwa wote. Habari tutakazokusanya zisitumike kudai shamba wala kiwanja. Bei ya ardhi imepanda kwetu, na atatokea mtu wa kusema ukoo wake ndio uliotangulia, wengine ni wa kuja. Tumjibu kwa pamoja kwamba mambo ya ardhi yana sheria zake na ofisi zake, na historia ya bibi si hati ya kiwanja. Zisitumike katika kampeni. Zisitumike kumchagulia kijana mchumba wala kumkatalia. Na mtu asilazimishwe: akisema hajui, au hapendi kueleza, jibu lake liandikwe hivyo kwa heshima na lihesabike sawa na mengine.

Baada ya hayo, naomba mambo manne.

La kwanza, kila nyumba imsikilize mzee mmoja. Likizo ya Desemba watoto na wajukuu wanakuja kutoka vyuoni na makazini, ndio wakati. Simu uliyo nayo inatosha kurekodi, na kauntabuku la dukani linatosha kuandika. Mwombe mzee ruhusa kwanza, mweleze unachotaka kukifanya na nani atakisikia. Usimwanzie na swali la kabila. Mwulize nani alimlea, na kwa lugha gani alibembelezwa. Mwulize jina la mama wa bibi yake, na mahali alipozikwa. Waliokuja, walikuja kwa miguu, kwa jahazi au kwa gari moshi? Nani aliwapokea siku ya kwanza, na walilala nyumba ya nani? Ni ngoma gani ilichezwa mwali alipotolewa? Mwache aseme kwa mwendo wake. Akirudia habari, usimkatize, kwa kuwa katika kurudia huongeza jina alilolisahau mwanzo. Msikilize bibi na yeye peke yake, mahali ambapo babu hamsaidii kukumbuka, kwani wanawake wa mji huu wameshika habari za uzazi na za unyago ambazo wanaume hawajapata kuzisikia.

La pili, walimu wa historia mtusaidie. Mwanafunzi anayesoma juu ya biashara ya misafara akiwa darasani Bagamoyo anasoma habari za nyumbani kwao. Mpeni kazi ya kuandika kurasa mbili za ukoo wake. Msitoe alama za juu kwa aliyepata babu mashuhuri. Mpeni alama aliyeuliza vizuri na kuandika kwa uaminifu. Nakala zibaki maktaba ya shule, na kwa ridhaa ya familia nyingine ipelekwe makumbusho ya Misheni Katoliki, ambako tayari kumehifadhiwa kumbukumbu nyingi za mji. Ninyi wa chuo cha sanaa cha TaSUBa, mlio mabingwa wa ngoma na maigizo, zichukueni habari hizi mzipandishe jukwaani, wazee wenyewe wakae viti vya mbele.

La tatu, tutazame makaburi. Tuna ya Kaole yanayotembelewa na wageni, tuna ya misheni, ya Wahindi, ya Wajerumani, na tuna mengi ya mitaani ambayo nyasi zimeyameza. Kila mtaa uchague siku moja, tufyeke, na anayejua jina la aliyelala pale aliseme liandikwe. Mhindi asifyeke kwa Wahindi tu wala Mkristo kwa Wakristo tu. Tukifanya kazi hiyo pamoja, tutaulizana mengi kuliko tungeulizana kwenye kikao chochote.

La nne, tuwasikilize na waliokuja juzi. Historia ya mji huu haikufungwa Wajerumani walipohamishia makao yao Dar es Salaam mwaka 1891, wala reli ya kati ilipotupita pembeni. Wachongaji wa Kimakonde, wavuvi wa Kilwa na Mafia, Wachaga wenye maduka, Wahaya na Wanyakyusa walioletwa na ualimu na uuguzi, wafugaji wa Kimaasai na Kibarbaig wanaokuja na mifugo yao, wasanii waliosoma hapa wakaoa hapa: hao ndio Wanyamwezi wa kizazi chetu. Watoto wao wanazaliwa hospitali yetu. Nao waandikwe. Mkulima na mfugaji waliogombea maji msimu uliopita, kila mmoja akijua mwenzake ametoka wapi na kwa shida gani, hawatamaliza ugomvi siku hiyo, lakini watakuwa na pa kuanzia mazungumzo.

Kwa wenyeviti wa mitaa, masheikh, mapadre na wachungaji, naomba mlitangaze jambo hili mkiwa na watu: baada ya sala ya Ijumaa, baada ya misa, katika maulidi, kwenye vikoba, kwenye vikao vya harusi. Mzee atakubali haraka zaidi kumweleza mjukuu wake akijua kwamba na jirani yake anaeleza. Nyumba moja ikisema peke yake kwamba bibi yao alikuwa mtumwa, inaweza kusimangwa. Mtaa mzima ukisema, hakuna wa kumsimanga mwenzake.

Hicho ndicho ninachokitumaini. Nataka mtoto wa Magomeni anayejua kuwa damu yake ina Mmanyema, Mzigua na Mbaluchi asimame mbele ya wenzake ayataje yote matatu kwa sauti moja, asimwonee haya hata mmoja wao. Mtoto wa namna hiyo mwanasiasa hatamdanganya kirahisi kwamba jirani yake ni mgeni, kwa sababu atakuwa anajua kwamba nyumbani kwao pia walikuja watu, wakapokelewa.

Tusisubiri mradi wala mfadhili. Leo jioni, kabla ya kulala, nenda kwa mtu mzima kuliko wote katika ukoo wenu, au mpigie simu kama yuko mbali. Mwamkie, kaa naye, mwulize jina la mama wa bibi yake. Liandike, na chini yake andika tarehe na jina la aliyekwambia. Kesho mwulize jirani yako amepata jina gani.